Siku Mama Aliposhika Maiki

12 Agosti

Spika mdogo wangu,

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza, halafu unasingizia mtandao. Karatasi huwezi kuikatiza. Kaa chini, soma mpaka mwisho, ndipo ubishe.

Kuna jirani yetu mmoja amekuja huku hospitali kumwuguza mkwewe. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba Mheshimiwa anagombea tena udiwani, na kwamba kabla ya uchaguzi atakutana na wananchi kwenye ukumbi wa mtaa ili wamuulize maswali. Ameniambia pia kwamba vyombo vya sauti ni vyako. Sikushangaa. Hapo kwetu hakuna harusi wala msiba unaofanyika bila spika zako.

Basi sikiliza. Huu ni mwaka wa pili tangu ukuta wa shule umwangukie mwanangu Kidoti pamoja na mtoto wa fundi viatu. Mheshimiwa ndiye aliyeuzindua ukuta ule. Alikata utepe, akasema umekaguliwa na uko imara. Kwenye mazishi akaja na shada kubwa kuliko jeneza. Mpaka leo hakuna aliyetuambia ni nani aliyeukagua, kama kweli ulikaguliwa. Ofisi moja inanituma nyingine, hiyo nyingine inanirudisha kwa ya kwanza. Sitaki fidia mimi. Nataka jina la mtu, Mheshimiwa alitamke mbele ya watu, kabla hawajampa kura nyingine.

Nimeomba ruhusa nije mwenyewe, msimamizi wetu wa chumba cha kufulia amenikatalia. Anasema mashuka ya wagonjwa hayajifui. Kwa hiyo Mama ataniulizia. Najua utasema Mama hana sauti. Tangu apasuliwe koo, mwaka ule kabla ya Kidoti kufariki, hata simu haimsaidii, ndiyo maana tumerudi kwenye barua kama watu wa zamani. Lakini wewe una maiki. Mnong'ono wa Mama ukipita kwenye mashine zako utafika viti vya nyuma. Swali nimeliandika kwenye karatasi ndogo iliyomo humu. Mpe. Na siku hiyo maiki umpelekee wewe mwenyewe mkononi, usimtume mtu.

Nakuomba hilo tu. Mengine yote uliyowahi kunifanyia, pamoja na baiskeli yangu, nimesamehe.

Dada yako.


19 Agosti

Dada,

Shikamoo. Baiskeli haikuwa kosa langu, lakini tuyaache.

Nimempa Mama karatasi yako. Ameisoma, akaikunja, akaitia kifuani, kisha akaniuliza kama nimekula. Ndivyo alivyo siku hizi.

Jana nilimfanyisha mazoezi sebuleni. Nilileta ile maiki nyepesi ninayowapa maharusi, spika moja na mashine yangu. Nikapunguza besi, nikapandisha sauti za juu, maana sauti ya Mama sasa imebaki kwenye pumzi tu. Nikamwambia, sema lolote. Akaishika maiki kama mtu aliyeshikishwa kuku wa mwenzake. Akasema, "Funga mlango, inzi wanaingia."

Dada, nyumba nzima ilitii! Mimi nilikimbilia mlango wa mbele, mke wangu akafunga wa jikoni, na jirani upande wa pili nikamsikia anafunga wake. Mama mwenyewe aligeuka nyuma kutazama nani amesema. Halafu akacheka, na kicheko nacho kikatokea kwenye spika. Unakumbuka alivyokuwa akiita wateja sokoni, mpaka mtaa wa pili wanajua bei ya nyanya? Ilikuwa sauti ile ile, imechoka tu. Nilitokwa na machozi. Usimwambie mtu.

Kuhusu mkutano, mpambe wa Mheshimiwa alishakuja kukagua vyombo. Ni mtu wa kofia, anayependa aonekane ana haraka. Tumeelewana mambo ya kawaida: nani anaanza kusema, muziki gani upigwe, na kwamba yeye akivua kofia nimpunguze anayezungumza. Usishtuke, hiyo ni desturi ya kazi. Kila harusi ina mjomba wake, amekunywa, ameshika maiki, anaanza kumtajia bwana harusi wachumba wa zamani wa mkewe. Bila ishara tungekuwa tunarushiana viti kila Jumamosi. Na mikutanoni nako walevi hawakosekani.

Mama anarekebisha gauni lake la bluu, lilikuwa limefumuka kwapani. Ondoa wasiwasi. Maiki nitampelekea mwenyewe.

Mdogo wako,
Spika.


26 Agosti

Dada,

Mkutano ulifanyika jana. Watu walijaa mpaka madirishani. Kwa bahati mbaya Mama aliposimama umeme ukakatika na maiki ikafa. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza. Uliporudi, muda wa maswali ulikuwa umekwisha. Ni bahati mbaya tu, hakuna wa kulaumiwa. Mama mzima, hajambo.

Wiki hii nimebanwa sana na kampeni. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Spika.


28 Agosti

Mwanangu,

Najua roho yako iko juu juu unasubiri, kwa hiyo salamu nitazifupisha. Sisi wazima.

Nilikwenda. Nilivaa gauni la bluu. Nilikaa safu ya mbele mbele, chini ya feni, maana joto la mle ndani lilikuwa la kuchemshia maji. Watu waliuliza habari za taa za barabarani, za taka, za mtaro unaonuka nyuma ya soko. Mheshimiwa alijibu yote vizuri sana. Ukimsikiliza unaridhika, ukifika mlangoni ukijiuliza amesema nini hukumbuki.

Mdogo wako aliniletea maiki mwenyewe, akanishika bega. Nikasema, "Mimi ni bibi yake Kidoti, aliyeangukiwa na ukuta wa shule." Hayo yalisikika. Ukumbi ulinyamaza, hata watoto wa mgongoni. Kisha sauti yangu ikaondoka. Kwanza nilidhani ni hili koo. Nikaigonga maiki kwa kidole, kimya. Feni zilikuwa zinazunguka na taa zinawaka, kumbe ni mashine ya mdogo wako iliyokufa. Maskini. Nilimwona amejiinamia juu yake na hedifoni masikioni, hainui uso. Usije ukamsema. Vyombo vimezeeka na anaona haya kukwambia.

Sikukaa. Nilisema yote. Swali lako nililisema kama ulivyoliandika, kisha nikaongeza yangu kidogo. Sidhani kama hata mtu wa kando yangu alisikia. Nilipomaliza, Mheshimiwa akasimama, na maiki yake yeye ilikuwa nzima. Akasema, "Ahsante sana mama yetu. Ndugu zangu, mmemwona bibi wa marehemu. Amepoteza mjukuu, lakini leo amesimama kutubariki na kututia moyo tuendelee na kazi. Tumpigie makofi." Wakanipigia makofi. Nilitikisa kichwa kukataa, wakadhani nalia, wakazidisha.

Kesho yake mpambe akaniletea fulana yenye picha ya Mheshimiwa. Nimeifanya tambara la kudekia. Lakini gari la matangazo linapita mitaani likisema hata familia za wafiwa ziko naye. Jana nilikutana bombani na mke wa fundi viatu. Nilimpungia mkono. Ndoo yake ilikuwa haijajaa, akaibeba hivyo hivyo akaondoka. Mwanangu, yule ndiye niliyeshikana naye mikono kaburini mpaka vidole vikafa ganzi. Nitamwelezaje? Mtu asiponisogelea hanisikii, na yeye hataki kunisogelea.

Kula vizuri. Jirani kasema umekonda.

Mama yako.


5 Septemba

Spika,

Umeme gani huo unaokata maiki ya Mama, ukaacha feni, ukaacha taa, ukaacha na maiki ya Mheshimiwa?

Nimeisoma barua ya Mama chooni kazini, maana ndiko mtu anakoachwa peke yake. Anaamini mashine yako imeharibika. Anakuonea huruma! Ameniandikia nisije nikakusema, unaona haya. Nilikaa mle chooni mpaka wenzangu wakaja kugonga mlango.

Sitaki maneno mengi. Nijibu tu: yule mtu alivua kofia?

Na kama mashine ilikufa, wewe na hedifoni yako mlikuwa mnasikiliza nini? Mama anasema aliongeza yake kwenye swali langu. Aliongeza nini?

Dada yako.


24 Septemba

Spika,

Nimesikia redioni kwamba ameshinda tena, tena kwa kishindo. Hujanijibu. Nimepiga simu, mkeo ananiambia uko kazini, na nyuma yake nakusikia unakohoa. Kikohozi chako nakijua tangu una meno ya maziwa.

Wewe ndiye uliyembeba Kidoti begani siku ya kwanza ya shule, mimi nikiwa huku. Ulinipigia simu nikawasikia mnaimba njiani. Kila nikitaka kukuchukia nakumbuka hilo, nashindwa, kisha nakasirika zaidi.

Jibu.

Dada.


2 Oktoba

Dada,

Alivua kofia.

Mama alipotaja ukuta tu, kofia ikatoka, na mkono wangu ukashusha kitufe. Nakuapia sikuamua. Miaka yote hii kofia ikitoka mkono unakwenda wenyewe, kama mguu wa dereva kwenye breki. Yangekuwa yameishia hapo ningejitetea. Lakini nilikuwa na nafasi ya kukipandisha tena. Mama alikuwa amesimama anaongea, kidole changu kiko juu ya kitufe, na yule mtu kanikodolea macho. Nikafikiria mikutano yote iliyobaki. Nikajiuliza nani atanikodi tena katika mji huu. Nikamwacha Mama aongee na hewa mpaka akamaliza. Hilo ni langu, siwezi kulisingizia mkono.

Umeuliza nilikuwa nasikiliza nini. Nilikata tu sauti yake isifike kwenye spika za ukumbini. Maiki yenyewe ilikuwa hai. Kila neno la Mama liliingia masikioni mwangu, na pumzi zake, na anavyomeza mate. Katika ukumbi ule wote niliyemsikia ni mimi peke yangu. Swali lako alilisema vilevile, hakulipunguza hata neno. Aliyoyaongeza sitayaandika. Si kwamba nakuficha. Ni mambo yake, na sidhani anajua kwamba kuna mtu aliyasikia. Tangu siku ile nikimtazama usoni naona aibu, naondoka.

Walinikodi tena kwenye sherehe ya ushindi. Nilikwenda, nikawapigia muziki. Mpambe akanipiga mgongoni akasema mimi ni kijana ninayejua kazi. Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama ameulizia mtaa mzima, amenipatia fundi wa kunitengenezea mashine. Kila asubuhi ananiuliza kama imepona, maana Mheshimiwa atakuja kutoa shukrani, na yeye anataka kusimama tena.

Nikimwambia itakuwaje? Nimebaki mtoto wake wa karibu, dada. Wewe uko mbali na Kidoti hayupo.

Spika.


9 Oktoba

Spika,

Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila nilipoanza niliandika matusi, nikaichana. Hii nimeiandika baada ya kufua tangu asubuhi, mikono haina tena nguvu ya kutukana.

Fanya hivi. Mwambie Mama. Usimtume mkeo, usitaje umeme. Ukishamwambia, mchukue mwende wote kwa fundi viatu. Mbele ya mkewe useme ulichofanya, kisha useme alichosema Mama siku ile, kwa mdomo wako, bila mashine. Mheshimiwa ameshapata alichokitaka, yule hatumpati tena. Lakini sitakubali mke wa fundi akae miaka mitano akichota maji bombani na kuamini kwamba Mama alimuuza mwanawe kwa fulana.

Unauliza itakuwaje. Sijui. Huenda akakufukuza, na mimi sitakutetea. Usipofanya hivyo, usiniandikie tena.

Dada yako.


20 Oktoba

Mwanangu,

Mdogo wako ameniambia. Alipiga magoti pale sebuleni, mtu mzima na ndevu zake, mpaka nikaona haya mimi. Nakwambia ukweli wangu, nilimpenda zaidi alipokuwa na mashine mbovu. Sikumfukuza. Chai namwekea mezani, kisha naenda kukaa uani mpaka amalize. Labda itapita. Sijui.

Siku ya pili yake tulikwenda kwa fundi viatu. Fundi alikuwa anashona soli, hakusimama kutupokea, na mkewe alibaki mlangoni amefunga mikono. Mdogo wako alisema. Alisema habari za kofia, akasema habari za kitufe, akasema kwamba aliogopa kukosa kazi. Hakuzungukazunguka, hilo nampa haki yake. Fundi akaendelea kushona. Baadaye ndiyo akauliza, "Sasa mama yako alisema nini?"

Mdogo wako akalisema swali lako. Ni nani aliyeukagua ukuta, na kwa nini Mheshimiwa aliwaambia watu uko imara. Akalisema vizuri, kwa sauti, na wapita njia wawili watatu wakasimama. Fundi akaweka sindano chini. Kisha mdogo wako akaishia hapo, akanitazama, ndipo nikajua kwamba na yale mengine aliyasikia.

Mke wa fundi akatoka mlangoni. Akavuta kigoda mpaka magoti yake yakagusa yangu, akanitegea sikio. Nikamwambia. Na sasa nakwambia wewe, maana si haki yeye ajue na wewe mwenye mtoto usijue.

Siku ukuta ulipoanguka nilikuwepo. Nilikuandikia kwamba nilifika baada ya watu. Haikuwa hivyo. Kidoti alisahau sweta nikampelekea. Watoto wale wawili walikuwa nyuma ya shule, wametoka chooni. Kidoti aliniona kwa mbali, akaniinulia mkono. Kabla sijamfikia, ukuta ukawalalia. Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inanguruma, kwa hiyo madarasani hawakusikia kishindo. Mtoto wa fundi hakutoa sauti hata mara moja, hilo nilimwambia mama yake, na ni kweli. Nilivuta mawe. Madogo yalitoka, makubwa yakanishinda. Nilipiga kelele, mwanangu. Nilifungua kinywa mpaka mshono wa koo ukauma. Haikutoka kitu.

Nikakimbilia mbele, kwenye kile chuma cha kengele, nikakigonga kwa jiwe kwa nguvu zangu zote. Wakadhani ni mapumziko. Madarasa yote yakafunguka, watoto wakamwagika uwanjani wanacheka, mmoja ameshatoa mpira. Nikawa nawavuta mashati. Wakadhani bibi anacheza nao, wakanikimbia huku wanafurahi. Ilikuwa mpaka mwalimu mmoja alipoona mikono yangu ina damu.

Watu wote walijua kwamba Kidoti alikufa papo hapo. Mimi ndiye niliyewaambia hivyo, ili wewe uambiwe hivyo. Lakini kabla sijakimbilia kengele alikuwa ananiita. Alijua niko pale, si alishaniona nikija na sweta? Alikuwa anaita, "Bibi! Bibi!" Nililala juu ya mawe, nikaweka mdomo kwenye upenyo, nikamwitikia. Kila alipoita nilimwitikia. Akawa anazidi kuita, kama mtoto aliyefika nyumbani akakuta hakuna mtu.

Hayo ndiyo niliyoyaongeza.

Mama yako.